Darasa Aliloniachia Mke Wangu

3 Machi

Mke wangu ameondoka leo asubuhi. Mvua ilikuwa haijaanza ila mawingu yalikuwa yamevimba, nikamwambia achukue mwavuli. Akasema nibaki nao mimi, kwa sababu yeye akinyeshewa hukauka, mimi nikinyeshewa hununa. Watu waliokuwa kwenye foleni ya basi wakacheka. Mimi sikucheka.

Binti yetu amejifungua kwa upasuaji na kidonda kimekataa kufunga. Anakaa mbali, safari ya siku mbili, na mkwe wetu ni mtu wa kazi za kuzunguka. Basi mama yake akafunga mzigo. Alisema atakaa mpaka binti aweze kunyanyua ndoo ya maji, halafu arudi. Hakutaja siku, na mimi sikuuliza, maana nikiuliza nitaonekana ninajali.

Naandika kwa sababu jioni hii nimerudi nyumbani nikakuta sina mtu wa kumlalamikia. Mimi ni mlalamishi, najijua. Nikishalalamika ndipo napata usingizi. Karatasi na ivumilie.

4 Machi

Jimu yetu ina sakafu mbili. Chini ni vyuma na mashine, na huko ndiko kwangu mimi na mdogo wangu, ambaye ni mshirika wangu na ndiye mwenye kichwa cha hesabu. Juu ni ukumbi wa mbao usio na kitu ila spika, feni na mikeka. Huko ndiko kwa mke wangu. Asubuhi darasa, jioni darasa, watu wazima wanaruka pamoja kama mahindi kwenye kikaango. Wanamwita Mama Darasa. Mimi nilikuwa naliita darasa lake ngoma ya kina mama, ingawa wanaume wamo pia.

Leo nimepandisha televisheni ukumbini. Nimeweka mkanda wa mwalimu mmoja mwenye meno meupe anayeruka ufukweni. Wanachama walimfuata mpaka mwisho, wakakunja mikeka, wakashuka. Hakuna aliyecheka wala kugombana. Nikajisemea, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii.

7 Machi

Amepiga simu. Binti ana homa, mtoto analia usiku kucha. Sauti yake ilikuwa imechoka mpaka nikaona aibu kuwa mzima. Akauliza darasa linaendaje. Televisheni ilikuwa imegoma tangu asubuhi na watu walikuwa wameondoka mmoja mmoja kama wageni waliokosa chai. Nikamwambia darasa limejaa, hata asiwaze. Akasema, "Haya, afadhali." Kisha nikamuaga.

9 Machi

Mvua.

10 Machi

Mvua. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama.

12 Machi

Mdogo wangu amekuja na picha za mashine za kukimbilia. Kuna muuzaji yuko tayari kuzileta mvua zikikatika na barabara ikipitika. Anataka tuzipange ukumbini, tufute darasa. Alisema kwa upole, maana ananiheshimu, kwamba ukumbi unakula umeme huku watu wanapungua, na shemeji hajulikani atarudi lini.

Ningekuwa mkweli ningekubali papo hapo. Miaka yote nimetaka ule ukumbi. Lakini nikamwona mke wangu amerudi, anapanda ngazi na chupa yake ya maji, anakuta mashine zimejipanga na hana pa kusimama. Atakuwa amerudi kwa nani? Kwangu tu, na mimi sina uhakika kama natosha. Nikamwambia mdogo wangu anipe mpaka mwisho wa mvua. Darasa likibaki tupu, alete mashine zake. Tukapeana mikono.

16 Machi

Nimemwajiri mwalimu. Kifua mbele, filimbi shingoni, sauti ya kuamsha maiti. Mama Pacha, ambaye hajawahi kufanya zoezi huku amefunga mdomo tangu nimjue, alikuwa anamsimulia mwenzake habari za meno ya wanawe. Mwalimu akapuliza filimbi akamwambia aliyekuja kuongea aende sokoni. Mama Pacha akachukua mkeka wake, akaenda.

20 Machi

Mwenye filimbi nimemwachisha, kabla hajabaki kupulizia mikeka.

Jambo jingine ndilo limenishtua. Kuna baunsa mmoja, mtu wa vyuma hasa, nilikuwa namsifu mbele ya wote. Leo nimeuliza yuko wapi. Nikaambiwa alihama mji tangu mwaka uliopita. Mtu wa kifua kile, ametoweka chini ya pua yangu na sikujua. Nilipowaza vizuri nikaona ndivyo walivyo watu wangu wote wa chini. Mwanzo wa mwaka wanajaa na viatu vipya, wanajitazama kwenye vioo, halafu siku moja hawapo na mashine haimuulizi mtu ulikuwa wapi. Watu wa juu wako na mke wangu tangu nywele zao nyeusi.

Isitoshe, tangu darasa lilegee, na chini kumepwaya. Mume wa Mama Pacha alikuwa mteja wangu wa mchana, na shemeji yake pia. Mkewe aliponuna, wote wamenuna. Nilikuwa nadhani mimi ndiye ninayembeba mke wangu. Leo asubuhi huku chini tulikuwa mimi na feni.

23 Machi

Nimefundisha mwenyewe. Nacheka nikiandika, ingawa wakati ule sikuona cha kuchekesha.

Nilisimama mbele, nikawatazama, nikasema mguu wa kulia. Nikatoa wangu wa kulia. Nusu yao wakafuata maneno, nusu wakafuata mguu wangu, ambao kwao upo kushoto. Fundi, mshonaji wetu wa nguo, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, akagongana na Mwalimu mstaafu, na Mwalimu akamwangukia mwenye duka la dawa. Nikapaza sauti, kulia, kulia jamani. Wakazidi kugongana. Mwalimu, akiwa bado sakafuni, akanifahamisha kwamba mke wangu akisema kulia hutoa mguu wake wa kushoto. Miaka yote hiyo amekuwa akifanya kila kitu kinyume ili wao waone sawa. Sikulijua hilo.

Kosa la pili ni la mtu wa vyuma. Vyuma vinataka upumzike baina ya mizunguko, na mapumziko marefu. Basi baada ya kila zoezi nikawaambia wakae chini. Darasa la namna hii halikai chini, nimejua baadaye, muziki hausimami mpaka mwisho. Wao wakakaa, wakaanza kupiga soga. Nikaona aibu kuwakataza, nisije nikawa mwenye filimbi wa pili. Tulifanya mazoezi kidogo na maneno mengi, na wakati wa kuondoka Fundi akaniambia, "Kocha, hujui kitu. Kesho saa ngapi?"

24 Machi

Wamekuja tena.

28 Machi

Kila mtu ana mahali pake pa kusimama. Leo pengo la Mama Pacha lilikuwa palepale, katikati ya safu, na hakuna aliyelisogelea. Nikasema wasogee wajaze. Wakanitazama kama niliyetukana.

Ndipo wakanieleza kanuni ya mke wangu. Ukikosa, aliye kulia kwako lazima apite kwako siku hiyohiyo, mvua au jua. Si kukusuta, ni kukuona tu. Wa kulia kwa Mama Pacha ni Mwalimu, na Mwalimu alishapita mara kadhaa, lakini aliyemkosea Mama Pacha si darasa, ni jimu. Kwa hiyo zamu yangu, wakasema.

Nimekwenda. Mwavuli ulipinduka njiani, nikafika nimelowa chapachapa, na kweli nilikuwa nimenuna. Mama Pacha alinitazama mlangoni, akaenda ndani, akarudi na taulo. Sikuwa nimejiandaa na hotuba. Nikamwambia bila yeye kule juu kuna kimya kinachotisha. Akasema nimfute kwanza yule mwenye filimbi kwenye kumbukumbu zake ndipo tuzungumze. Kisha akaniuliza hali ya binti yangu, kwa jina lake, na homa na kidonda, akijua mengi kuliko mimi. Nikakaa pale mpaka mvua ikapungua.

Nilipofika nyumbani nilitamani kumsimulia mke wangu habari hii yote, jinsi alivyotabiri kununa kwangu. Sahani yake ipo rafuni. Nimeikaribia nikaigusa kama mwehu.

1 Aprili

Mama Pacha yupo. Mumewe yupo chini, shemeji yake yupo chini.

5 Aprili

Simu. Kidonda kimefunga, alhamdulillahi. Mtoto ameanza kucheka. Mke wangu akauliza darasa. Nikamwambia limejaa pomoni, mpaka tunafikiria saa nyingine ya asubuhi. Safari hii ilikuwa karibu na kweli, ila nilitia chumvi kidogo. Nilitaka anisifu. Akasema, "Basi mmeweza." Nikamjibu tumeweza, nikatunisha kifua.

9 Aprili

Leo ndiyo siku nitakayoikumbuka kwa ubaya.

Alipiga mapema kuliko kawaida. Alisema binti anarudi kazini na hataki mtoto alelewe na mtu asiyemjua. Amemwomba mama yake abaki mpaka mwakani, mtoto akishaanza kutembea. Kisha akasema polepole, "Huko naona mambo yanakwenda bila mimi. Wewe waonaje?"

Mtu mwenye akili angesikia swali. Mimi nilisikia taarifa. Nikaona nikisema rudi, nitakuwa nimemnyang'anya binti yangu mama kwa sababu nimechoka kula mkate. Nikamwambia, "Kaa tu, mama. Sisi huku tupo sawa." Akasema haya. Akakata kabla hajanipa mtoto nimsikie, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Mpaka mwakani. Nimelitamka neno hilo mara nyingi hapa sebuleni na halizoeleki. Nyumba hii ilikuwa ndogo, tulikuwa tunapigana vikumbo jikoni, nikimlaumu kwa nini anasimama nyuma yangu. Sasa nikigeuka naona ukuta. Kitanda nalala ukingoni kwangu kama ninayempisha mtu. Sijui watu wengine hufanya nini na mapenzi yao. Sisi yetu tuliyazungumza kwa njia ya jimu. Akiniambia spika imeharibika, ujue amenikumbuka. Nikimtengenezea, ujue nimemjibu. Sasa spika nzima, na sina la kumwambia.

10 Aprili

Mvua. Nimefundisha vibaya.

15 Aprili

Mdogo wangu alipanda ngazi leo akiwa na futi ya kupimia, aje ajue mashine zitakaaje. Alisimama mlangoni asipate pa kukanyaga. Tulikuwa tumejaa mpaka kwenye madirisha, maana Fundi alileta wateja wake na mwenye duka la dawa alileta mama mkwe wake. Nje mvua ilikuwa inapiga bati mpaka muziki hausikiki, tukawa tunahesabu kwa midomo yetu, kwa sauti, watu wote. Nami nikisema kulia natoa kushoto, nimeshazoea.

Baadaye tulikaa kwenye ngazi. Nikamwambia mashine moja hubeba mtu mmoja, na akichoka anaondoka na hakuna anayejua. Sakafu ileile, mwalimu mmoja na spika moja, inabeba ukumbi mzima, tena saa za asubuhi ambazo zamani nilikuwa nasinzia na feni. Na wa darasa akikosa siku moja tu, jioni kuna mtu mlangoni kwake. Nani mwingine mjini ana biashara ambayo wateja wenyewe hufuatana wasikose? Akakuna kichwa. Akasema kidole kimoja hakivunji chawa, nimemshinda, mashine hazitakuja. Akaniuliza shemeji amefurahi kiasi gani.

Nikamwambia sana. Kisha nikashuka kwenda kupanga vyuma ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

18 Aprili

Baada ya darasa Fundi alibaki. Alijifanya anatafuta pini sakafuni, na mimi nikajifanya namsaidia. Akasema bila kuinua kichwa kwamba mke wangu humpigia kila Jumapili. Nikasema najua, wanawake hawaishi maneno. Akasimama.

"Kocha, kila Jumapili ananiuliza swali moja tu. Kama umewahi kusema umemkumbuka."

Nikamuuliza amemjibu nini.

"Nimjibu nini, na hata mimi hujaniambia? Unamwambia limejaa, limejaa. Kila ukimwambia limejaa, anasikia hapa pako pamejaa hakuna nafasi yake. Alilia siku ile ulipomwambia akae. Mficha uchi hazai, kaka yangu."

Nikakaa kwenye mkeka wa mtu. Nilitaka kujitetea kwamba nilimficha mabaya nisimtie wasiwasi, na baadaye nikamsimulia mazuri ili ajivunie. Fundi hakusubiri. Alichukua mkoba wake akasema anashona sare za watu, hana muda wa kunibembeleza, na simu ninayo.

19 Aprili

Nimeishika simu. Nimeiweka. Mtu anayenyanyua chuma cha uzito wa ndama anashindwa na kijisimu.

20 Aprili

Nimepiga asubuhi, kabla ya darasa, nikiwa peke yangu ukumbini. Nilipiga moyo konde nikaanza kabla hajanisalimia vizuri, maana ningesubiri salamu ningeishia kwenye habari za mvua.

Nikamwambia mwanzo nilimdanganya. Darasa lilikuwa limekufa, nililiua kwa televisheni na filimbi. Sasa limefufuka na ni kweli limejaa, hata mdogo wangu ameshindwa kulitoa. "Darasa halikuhitaji," nikasema. "Mimi ndiye ninayekuhitaji. Nimekukumbuka mpaka naiona chai chungu. Nilikwambia ukae kwa sababu ni mjinga."

Nilisikia mtoto anaguna huko.

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ukisikia mambo mabaya utahangaika."

"Nilihangaika kwa sababu yalikuwa mazuri."

Akalia, na mimi nikalia, kwa mara ya kwanza mbele yake, ingawa hanioni. Tulipotulia aliniambia lililo kweli. Ameshampa binti neno lake. Kazi imeshapangwa, mtoto ameshamzoea, akilala humshika kidole. Hawezi kurudi sasa hata akitaka, na anataka. Akaniomba nisinune.

Sikununa. Nilimwambia ninamwelewa, na nilikuwa namwelewa, lakini kumwelewa hakukunipunguzia kitu. Darasa la leo nimelifundisha na macho mekundu. Hakuna aliyeniuliza. Mama Pacha alikaa karibu yangu darasa lilipoisha akasimulia habari za meno mpaka nikatabasamu.

22 Aprili

Nimeugua, homa tu ya mvua. Sikwenda. Jioni mlango umegongwa. Walikuwa Fundi na Mwalimu, mmoja na sufuria, mwingine na dawa za kikohozi. Nikawauliza imekuwaje, mimi nasimama mbele, sina wa kulia kwangu. Mwalimu akasema wamekubaliana wawe wote.

Nikauliza nani amefundisha leo. Fundi amefundisha. Watu walikuwa wangapi? Walikuwa wote. Imeharibika kitu? Hakuna kilichoharibika. Mwalimu alisema kwa unyonge, akichelea kuniumiza, na nilikaa na jibu hilo mpaka wakamaliza kuosha sufuria.

25 Aprili

Nimempa Fundi ufunguo wa ukumbi na mshahara wa mwalimu, siyo wa msaidizi. Mdogo wangu nimempa vyuma. Alinitazama kama mtu aliyeona mlima umehama. Sijawahi kuondoka hapa, hata siku ya msiba wa baba nilipitia kwanza kufungua mlango. Nikamwambia kitu chenye watu wanaotafutana hakimtaki mtu mmoja akae anakilinda. Akauliza nitarudi lini. Nikamwambia amuulize shemeji yake.

26 Aprili

Mvua imekatika, matope ndiyo yaliyobaki. Basi linaondoka kesho.

Nimempigia. Nikamwambia nakuja. Akadhani ni matembezi, akauliza nitakaa siku ngapi. Nikamwambia mpaka mtoto atembee, na akitembea tutarudi wote wawili, na kama atanichoka kabla ya hapo aniambie kwa mdomo wake, asimpigie Fundi. Akauliza nitafanya nini huko mchana kutwa, mtu nisiye na chuma cha kunyanyua. Nikasema nitanyanyua ndoo. Nitamnyanyua mtoto. Nikikosa kabisa, nitalalamika.

Akacheka. Cheko hilo sijalisikia tangu Machi.

Kisha akasema nije na viatu vya mazoezi. Sebule ya huko ni finyu, na asubuhi, mtoto akilala, huwa anafanya mazoezi peke yake bila muziki. "Lakini tukisogeza meza," akasema, "watu wawili tunaenea."